Kadi ya grafiki katika tarakilishi nyembamba: Mambo ya kuzingatia Garissa na Kaskazini Mashariki

TARAKILISHI nyembamba za mezani zimeenea katika maduka ya uchapishaji, studio za picha, saiba, madarasa na afisi za Garissa, Wajir na Mandera. Nyingi ni mashine zilizotumika kwa miaka kadhaa katika afisi za Ulaya na Marekani, zikasafishwa na kuuzwa tena jijini Nairobi, kisha zikapakiwa kwenye basi au lori la kuelekea Kaskazini Mashariki. Ni imara, hazili umeme mwingi na bei yake ni nafuu. Udhaifu wake hujitokeza siku mwenyewe anapotaka kuzifanyisha kazi ambayo hazikuundiwa, kama vile kuhariri video ya harusi, kuchora ramani ya jengo au kuandaa bango kubwa la biashara.

Hapo ndipo fundi humshauri mteja aongeze kadi ya grafiki. Ushauri huo mara nyingi ni mzuri, lakini una mitego. Kadi nyingi zilizoko madukani ni ndefu kuliko kasha. Nyingine zinaingia, ila zinahitaji umeme ambao mashine haina. Nyingine tena hufanya kazi vyema katika chumba cha baridi jijini Nairobi na kulemewa na joto la bonde la Mto Tana.

Kwa mnunuzi aliye Nairobi, kosa la aina hiyo hurekebishwa kwa kurudi dukani siku hiyo hiyo. Kwa aliye Garissa, kilomita 370 hivi kutoka jiji kuu, kosa hilo ni nauli nyingine na siku kadhaa za kazi kusimama. Kwa wa Mandera umbali unapita kilomita 1,000. Isitoshe, barabara yenyewe haiaminiki wakati wa masika. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalikata mawasiliano kati ya Madogo na mji wa Garissa, na bidhaa zikakwama. Ndiyo sababu vipimo vinafaa kuchukuliwa kabla ya pesa kutumwa.

Kadi hufanya kazi gani

Kila kitu kinachoonekana kwenye skrini, iwe ni herufi, picha au filamu, huchorwa na kifaa kinachoitwa kichakata grafiki. Katika tarakilishi nyingi za afisi kifaa hicho kimejengwa ndani ya prosesa yenyewe, na hakina kumbukumbu yake. Hukopa sehemu ya RAM ya mashine na kuitumia pamoja na programu nyingine zote.

Kadi ya grafiki ni ubao wa pekee wenye kichakata chake, kumbukumbu yake na, mara nyingi, feni yake. Huchomekwa kwenye sloti ndefu iliyo katika ubao mkuu wa tarakilishi. Mashine za miaka ya 1990 zilitumia sloti ya aina ya AGP, iliyoanza 1997. Kuanzia 2004 nafasi yake ilichukuliwa na PCI Express, ambayo ingali inatumika. Matoleo yake yanapatana, hivyo kadi mpya huweza kuchomekwa katika sloti ya zamani, ingawa mwendo wake utakuwa ule wa sloti.

Kadi husaidia pale ambapo programu imeandikwa kuitumia. Programu za kuhariri video kama DaVinci Resolve huitegemea sana. AutoCAD huihitaji kwa michoro ya pande tatu. Michezo mingi mizito ya tarakilishi haiendi vyema bila hiyo. Lakini kwa mwenye duka anayeandika barua, kujaza fomu za serikali mtandaoni na kuchapisha vyeti, kadi haitabadilisha lolote.

Kupima kabla ya kununua

Mashine inapokuwa nzito, kadi mara nyingi husingiziwa. Ikiwa tarakilishi huchukua dakika nyingi kuwaka na kufungua programu, kasoro kwa kawaida iko katika diski kuu ya zamani yenye sahani inayozunguka. Kuibadilisha kwa diski ya SSD huleta nafuu kubwa kuliko kadi yoyote, na kwa gharama ndogo.

Jambo la pili ni RAM. Tarakilishi za aina ya Dell OptiPlex 7010 ya 2012 hutumia RAM ya DDR3. Ikiwekwa kipande kimoja chenye kasi ya 1600, kumbukumbu hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Vikiwekwa viwili vya aina moja katika sloti zinazofaa, kiwango hicho huongezeka maradufu hadi 25.6. Kwa kuwa grafiki iliyomo ndani ya prosesa hukopa RAM hiyo hiyo, kipande cha pili huiongezea nguvu bila kadi kununuliwa. Wauzaji wengi huuza mashine hizi zikiwa na kipande kimoja tu.

Katika Windows 10, tangu toleo lililotolewa mwishoni mwa 2017, dirisha la kuonyesha shughuli za mashine lina sehemu ya kichakata grafiki, mradi draiva iwe ya kisasa. Mtumiaji afungue kazi inayomtatiza na kulitazama dirisha hilo. Iwapo grafiki imefika asilimia 100 na prosesa imetulia, kadi itasaidia. Iwapo prosesa ndiyo iliyofika kikomo, kadi itamsaidia kwa sehemu ndogo tu.

Vipimo vya kasha

Jina la mashine pekee halitoshi. Kampuni nyingi huuza aina moja katika makasha matatu au manne. Kuna la mnara, kuna jembamba, na kuna dogo lenye ukubwa wa kitabu. Hilo la mwisho kwa kawaida halina sloti ya kadi kabisa, na mwenye mashine ya namna hiyo hana budi kuridhika na grafiki aliyonayo. Zaidi ya hayo, majina hurudiwa. Dell iliuza OptiPlex 7010 mwaka 2012 na ikalitumia jina hilo hilo tena mwaka 2023 kwa mashine tofauti kabisa.

Katika kasha jembamba, kadi lazima iwe ya kimo kifupi. Kadi ya kawaida ina kimo cha milimita 111 hivi kutoka kwenye sloti, ilhali kadi fupi ina takriban milimita 69. Kibati chake cha nyuma, kile kinachofungwa kwenye ukuta wa kasha, huwa na urefu wa milimita 80 hivi badala ya 120. Kadi nyingi fupi huuzwa zikiwa zimefungwa kibati kirefu, na kile kifupi kuwekwa pembeni ndani ya boksi. Kadi zilizotumika hupotezewa kibati hicho kifupi mara kwa mara. Mnunuzi asipouliza, atapokea kadi inayotosha kasha lakini isiyoweza kufungwa.

Kipimo cha pili ni unene. Kadi nyembamba huchukua nafasi ya sloti moja. Zile zenye kipoza-joto kikubwa huchukua mbili. Katika baadhi ya makasha sloti ndefu imepangwa ubavuni mwa pawa saplai, na hakuna nafasi ya pili upande huo. Kadi nene haitaingia hata ikiwa fupi kiasi gani.

Kipimo cha tatu ni urefu kutoka nyuma kuelekea mbele. Huko mbele mna kizimba cha diski, nyaya na wakati mwingine kiendeshi cha DVD. Rula ya shule inatosha kupima nafasi hiyo. Njia bora ni kufungua kifuniko, kuweka rula ndani, kupiga picha kwa simu na kumtumia muuzaji pamoja na picha ya nyuma ya mashine.

Kuna pia suala la sloti yenyewe. Mashine hizi mara nyingi huwa na sloti mbili ndefu zinazofanana kwa macho, ila moja imeunganishwa kwa njia 16 za data na nyingine kwa njia nne tu. Maelezo huandikwa kwenye ubao mkuu au katika kitabu cha mashine, ambacho hupatikana bure katika wavuti ya mtengenezaji.

Hesabu ya umeme

Sloti ya PCI Express yenye njia 16 inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huwa na tundu la waya wa ziada, na waya huo haupo katika pawa saplai za tarakilishi nyembamba. Kanuni kwa hivyo ni nyepesi: kadi yenye tundu la umeme wa ziada haifai kwa mashine hizi.

Wapo wauzaji wanaotoa waya wa kuunganishia kutoka plagi ya diski. Ni hatari. Plagi ya diski ya aina ya SATA imeundwa kupitisha wati 54 kwa volti 12, ilhali tundu la pini sita la kadi huweza kudai wati 75. Waya unaobebeshwa mzigo uliozidi uwezo wake huyeyuka, na katika duka lililojaa karatasi na vitambaa vya mapambo moto hauhitaji mwaliko.

Pawa saplai ya OptiPlex 7010 nyembamba ya 2012 ina uwezo wa wati 240. Prosesa ya Core i5-3470 imekadiriwa kutumia wati 77. Ubao mkuu, RAM, diski na feni zinaweza kukadiriwa kuwa wati 40 hadi 50. Ukiongeza kadi ya wati 30, jumla hufika 157 na mashine hubaki na akiba nzuri. Ukiongeza ya wati 75, jumla hupita 200. Kwa hesabu mashine itawaka, lakini pawa saplai iliyotumika miaka kumi na zaidi haina nguvu ya ujana wake, na hufanya kazi kwa tabu zaidi katika joto. Si rahisi kuibadilisha pia, kwa kuwa pawa saplai za mashine hizi zina umbo la pekee, na baadhi zina viunganishi visivyopatana na vya kawaida.

Mji wa Garissa umeunganishwa na gridi ya taifa, na kaunti hiyo ndiyo yenye kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019. Wajir na Mandera zimetegemea mitambo ya dizeli iliyo mbali na gridi hiyo, na katika vituo vidogo biashara nyingi huendeshwa kwa paneli za jua. Kwa wenye paneli, kila wati ina thamani yake. Betri ya asidi ya volti 12 yenye saa-ampea 100 hubeba saa-wati 1,200, na haishauriwi kutumia zaidi ya nusu yake iwapo inatakiwa kudumu. Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane humaliza saa-wati 600, yaani nusu hiyo yote, kabla ya tarakilishi yenyewe na skrini kuhesabiwa. Kadi ya wati 30 hutumia 240.

Joto na vumbi

Mjini Garissa joto la mchana hupita nyuzi 34 mara nyingi, na miezi ya Februari na Machi ndiyo mikali zaidi. Hilo si jambo dogo kwa kifaa kinachopozwa na hewa. Kadi haiwezi kupoa chini ya joto la chumba ilimo. Tuseme kadi fulani, ikifanya kazi kwa bidii, hupanda nyuzi 45 juu ya joto la chumba. Katika chumba cha nyuzi 22 itafika 67 na kutulia. Katika chumba cha nyuzi 36 itafika 81. Kadi kadhaa za NVIDIA za kizazi cha GTX 10 huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 83. Mwenye mashine basi hulipia nguvu ambayo kadi yake haimpi saa za mchana.

Katika kasha jembamba hali ni ngumu zaidi kwa sababu hewa moto ya prosesa, diski na kadi hutoka kupitia matundu machache. Hatua tatu husaidia. Ya kwanza ni kuchagua kadi inayotumia umeme kidogo, maana kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto. Ya pili ni kuisimamisha mashine mbali na ukuta kwa kiasi cha kiganja, bila kuifunika kwa kitambaa wala kuiweka ndani ya kabati. Ya tatu ni kusafisha vumbi.

Vumbi jekundu la eneo hili ni laini na hujaza mapezi ya kipoza-joto haraka. Usafi wa kila miezi miwili au mitatu haupiti kiasi. Itumike brashi laini ya rangi na kipulizo, feni ikiwa imeshikiliwa kwa kidole isizunguke. Kadi zisizo na feni huvutia kwa ukimya wake na kwa kuwa hazina kitu cha kuharibika, lakini hutegemea hewa inayopita ndani ya kasha. Katika kasha jembamba na chumba chenye joto, kadi yenye feni ndogo ni salama zaidi.

Kadi zinazofaa

GeForce GT 1030, iliyotoka 2017, hutumia wati 30 na hupatikana kwa kimo kifupi. Inafaa kwa kutazama filamu za ubora wa juu na michezo ya zamani. Ina mitego miwili. Kwanza, mwaka 2018 ilitolewa aina nyingine yenye jina lile lile lakini kumbukumbu ya DDR4. Aina ya awali ya GDDR5 hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ile ya DDR4 hupitisha 16.8 tu. AutoCAD ya 2021, kwa mfano, ilitaja gigabaiti 29 kwa sekunde kuwa kiwango cha chini kabisa. Kadi moja hupita mtihani huo na nyingine huanguka, na boksi zao zinafanana. Pili, GT 1030 haina sehemu ya kusimba video. Studio inayotaka kumaliza video ya harusi haraka haitapata msaada huo kwake.

Kwa studio na walimu wa uchoraji, kadi za NVIDIA zilizoundiwa afisi ndizo zinazofaa zaidi. Quadro P620 hutumia wati 40. T400, iliyotoka 2021, hutumia wati 30, T600 wati 40 na T1000 wati 50. Zote ni fupi, zote huchukua sloti moja, hazina tundu la umeme wa ziada na zinaweza kusimba video. T600 ina gigabaiti nne za kumbukumbu yenye kasi ya gigabaiti 160 kwa sekunde. Nyingi za aina hii huuzwa zikiwa zimetolewa kwenye mashine za afisi za ng'ambo.

Radeon RX 6400 ya 2022 hutumia wati 53 na ina nguvu nzuri ya michezo. Hata hivyo imeunganishwa kwa njia nne tu za data, na hutarajia sloti ya toleo la nne la PCI Express. Katika mashine ya toleo la tatu upana wa njia hizo hupungua kwa nusu. Aidha, kama GT 1030, haina kisimbaji cha video.

Kadi za Intel Arc, kama A310 na A380, zinapendwa kwa uwezo wake wa video, lakini hutaka mashine mpya. Bila huduma ya Resizable BAR katika BIOS, ambayo tarakilishi za miaka ya 2012 hadi 2015 hazina kwa kawaida, kasi yake hushuka sana. RTX A2000 na GeForce RTX 3050 ya gigabaiti sita hutumia wati 70. Zina nguvu kuliko zote zilizotajwa, ila aina zake fupi huchukua nafasi ya sloti mbili na hudai pawa saplai yenye afya.

Skrini na milango

Skrini nyingi za zamani hutumia waya wa VGA wa rangi ya buluu. Kadi za NVIDIA kuanzia kizazi cha GTX 10 hazitoi tena mawimbi ya aina hiyo. P620 na kadi za T zina milango midogo ya DisplayPort pekee. Mwenye skrini ya VGA atahitaji adapta yenye saketi ya kugeuza mawimbi, wala si waya wa kawaida wa kuunganishia. Ni kifaa kidogo, lakini kikisahaulika kadi hukaa mezani hadi basi linalofuata.

Kutambua kadi bandia

Kadi bandia zipo katika masoko ya dunia nzima. Kadi dhaifu ya zamani hubadilishiwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti au nyingine yenye sifa. Windows huamini jina hilo. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu toleo lake la Oktoba 2018, huonyesha neno la tahadhari inapotambua udanganyifu wa aina hiyo kwa kadi za NVIDIA. Mlango wa VGA kwenye kadi inayodaiwa kuwa GTX 1050 Ti pia ni dalili mbaya, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu.

Anayenunua akiwa mbali amwombe muuzaji picha ya kadi yenyewe mbele na nyuma, na picha ya dirisha la GPU-Z kadi ikiwa imewashwa. Wakubaliane kwa maandishi ni nani atakayelipia usafiri endapo kadi itakataa. Muuzaji mwaminifu haoni uzito kufanya hivyo.

Kufunga kadi

Kwanza, faili muhimu zinakiliwe kwenye diski ya nje. Pili, draiva ya kadi ipakuliwe mapema kutoka wavuti ya mtengenezaji. Faili hiyo hupita megabaiti 500, na anayetumia bando la simu huenda akapendelea kuinakili kutoka kwa mwenye mtandao wa kasi kwa kutumia flashi.

Mashine izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Katika kiangazi, ambacho Wasomali hukiita jilaal, hewa huwa kavu na mwili hukusanya umeme tuli unaoweza kuua saketi bila cheche kuonekana. Fundi aguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi, na arudie kila anapoinuka. Asifanyie kazi juu ya zulia.

Kifuniko kikishafunguliwa, vumbi lisafishwe kwanza. Kibati cha kuziba nafasi ya nyuma kitolewe. Mashine nyingi za afisi hazihitaji bisibisi, kwani kuna kishikio cha kuinua. Kadi ishikwe kwa kingo, ilinganishwe na sloti ndefu na kusukumwa chini kwa nguvu sawa pande zote hadi iingie kabisa. Ikikataa, ichomolewe na kuangaliwa upya, isilazimishwe. Kishikio kirudishwe ili kadi isining'inie.

Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye mlango wa zamani wa ubao mkuu. Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi, na watu wamewahi kurudisha kadi nzima kwa kosa la waya tu.

Mashine ikiwaka bila picha, kadi ichomolewe na kuchomekwa tena, kisha ijaribiwe kwa skrini nyingine. Baadhi ya mashine za zamani huhitaji BIOS mpya ili zitambue kadi za miaka ya karibuni. Kubadilisha BIOS kuna hatari yake: umeme ukikatika katikati ya shughuli, ubao mkuu huweza kufa moja kwa moja. Kazi hiyo ifanywe mashine ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima, na kamwe isifanywe siku ambayo stima inakatika na kurudi.

Draiva ikishawekwa, kadi ipewe kazi nzito kwa nusu saa, saa nane mchana wakati joto ni kali, huku GPU-Z ikionyesha nyuzi zake. Kadi ikipita jaribio hilo mchana, usiku haitaleta shida. Ikizima mashine au kuchora mistari ya ajabu kwenye skrini, irudishwe wakati muda wa udhamini haujaisha.

Inapofaa kuacha

Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Mashine nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. NVIDIA nayo ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za kizazi cha GT 1030 na P620 hazitapata tena draiva za kuboreshwa, isipokuwa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kadi hizo hazitazimika siku hiyo, na programu zilizopo zitaendelea kufanya kazi. Hata hivyo, anayenunua leo anafaa kujua umri uliobaki.

Kwa mwenye mashine ya 2012, gharama ya kadi, adapta na usafiri inaweza kukaribia bei ya tarakilishi nyingine iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha nane au cha tisa, ambayo grafiki yake ya ndani husimbua video za kisasa bila kadi. Pesa zinazotengwa zilinganishwe na bei hiyo kwanza. Ikiwa tofauti ni ndogo, mashine mpya ina manufaa zaidi. Ikiwa ni kubwa na kazi inasubiri, kadi fupi ya wati 30 au 40 yenye sloti moja, kibati kifupi na adapta ya skrini itatosha.

Mambo ya kumwandikia muuzaji kabla ya kutuma pesa ni machache: jina kamili la mashine pamoja na mwaka na aina ya kasha, uwezo wa pawa saplai kama ulivyoandikwa ubavuni mwake, nafasi iliyopo kwa milimita, aina ya mlango wa skrini, na programu itakayotumika. Muuzaji akishayapata hayo matano, ana kila anachohitaji kuchagua kadi itakayoingia na kuwaka siku basi litakapofika.